Samaki wa Mdomo wa Msimbazi: Nimkataze Baba Kuvua?

"Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana miaka 71, amestaafu, na anaishi na kisukari kwa miaka mingi. Jumamosi huwa namsindikiza kuvua kwa mshipi. Mara nyingi tunakaa karibu na Daraja la Salenda, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, kwa sababu ni karibu na nyumbani. Mara moja moja tunafika Kigamboni au Kunduchi. Tunapata chaa, mkizi, changu wadogo, hongwe, na siku ya bahati kolekole. Baba huingia majini pekupeku hadi magotini. Chubwi, yaani vile vizito vya kuzamisha mshipi, anatengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, anayeyusha risasi ya betri kuukuu za gari. Samaki tunakula nyumbani wote: mimi, mke wangu mwenye mimba ya miezi minne, na binti yetu wa miaka mitatu. Siku hizi maji ya mto ni meusi na yananuka. Majirani wanasema chumvi ya bahari inaua kila kitu, mama anasema ndimu na kukaanga hadi wakauke kunamaliza sumu, na baba anasema amekula samaki hawa tangu ujana wake na hajafa. Nimkataze? Samaki wapimwe? Sitaki kumnyima mzee furaha yake."

Marahaba, ndugu yangu. Usimkataze. Badilisheni mahali, viatu, chubwi na namna ya kubeba samaki, na Jumamosi zenu ziendelee. Umeuliza zaidi kuhusu sumu iliyomo kwenye nyama ya samaki, na nitalijibu hilo kwa kirefu. Lakini katika maelezo yako kuna mambo mawili yanayonitia hofu kuliko minofu ya chaa: miguu mitupu ya mzee mwenye kisukari kwenye maji yale, na risasi inayoyeyushwa karibu na mtoto wa miaka mitatu na mama mjamzito. Hayo mawili yashughulikie wiki hii, kabla ya safari ijayo. Mengine mnaweza kuyapanga taratibu.

Tuanze na mto wenyewe. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unakatiza jiji kupitia Vingunguti na Jangwani, kisha unamwaga maji yake pale mnapokaa. Njiani unapokea maji ya viwanda, machinjio, gereji, mitaro na vyoo. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Zinategemea vyoo vya shimo na makaro, na mvua kubwa ikinyesha wapo wanaofungulia makaro yao yaondoke na maji ya mvua. Yote hayo yanashuka kwenye ghuba ile ile.

Uchafu huo una makundi matatu, na kila kundi lina tabia yake. Kuna vijidudu vya kinyesi. Kuna metali nzito, yaani risasi, kadimi, kromiamu na zebaki. Halafu kuna kemikali zinazokaa kwenye mafuta ya samaki, kama mabaki ya dawa ya wadudu ya DDT, pamoja na dizeli na oili chafu. Watu wakiyaita yote kwa jina moja la "sumu", ndipo wanapodhani dawa moja itayamaliza yote.

Majirani wako wana nusu ya ukweli. Jua na chumvi kweli hupunguza vijidudu vya utumbo wa binadamu. Ndani ya saa kadhaa hadi siku kadhaa idadi yake hushuka sana. Ila mdomoni mwa mto maji machafu mapya yanaingia muda wote, kwa hiyo hakuna siku kazi hiyo inakwisha. Tena kuna ukoo wa bakteria unaoitwa Vibrio ambao makazi yake ni haya haya maji vuguvugu yenye chumvi kiasi. Bakteria wa kipindupindu ni wa ukoo huo. Chumvi kiasi hicho inawafaa, haiwaui.

Kwa metali, chumvi inafanya kinyume kabisa cha wanachodhani majirani. Maji ya mto hubeba chembe laini sana za tope. Kila chembe ina chaji ndogo ya umeme inayoifanya isukumane na mwenzake, ndiyo maana zinaelea na kusafiri mbali bila kuzama. Zikifika kwenye maji ya chumvi, nguvu ile ya kusukumana inazimwa, chembe zinashikana kuwa mabonge, na mabonge yanazama. Risasi na metali nyingine zilizokuwa zimenata kwenye chembe zinazama pamoja nazo. Kwa maneno mengine, mto hauzipeleki metali zote katikati ya bahari. Nyingi inazitua pale pale mdomoni, chini ya miguu ya baba. Tafiti zilizofanywa kwenye mikoko ya pwani ya Tanzania zimeikuta Msimbazi miongoni mwa sehemu zenye metali nyingi zaidi kwenye tope.

Ukishaelewa hilo, utajua ni samaki gani wa kuogopa pale. Ni wale wanaokula tope au wanaoishi ndani yake. Mkizi hufyonza tope la juu na kuchuja vijimea vyake. Hongwe hulala chini na kuokota chochote. Kaa wa mikokoni huchimba humo humo. Chaza na kombe ndio wa kuepukwa kabisa, kwa sababu huchuja maji mchana kutwa na kubakiza ndani yao vijidudu na metali vilivyokuwemo. Chaza wa miamba ya karibu na Salenda wasiliwe na mtu yeyote nyumbani kwenu, hata wakipikwa. Kuwala wabichi kwa ndimu, kama wengine wanavyopenda, ni hatari zaidi, hasa kwa baba. Virusi vya homa ya ini aina ya A vinahitaji joto la nyuzi 90 kwa sekunde 90 ndani ya nyama yenyewe, na chaza anayetiwa kwenye maji ya moto hadi afunguke tu huwa hajafika huko.

Zebaki ina njia yake. Bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na hewa huigeuza kuwa methili-zebaki, na hiyo hupanda kutoka kwa mdudu kwenda kwa dagaa, kutoka kwa dagaa kwenda kwa mzia, kutoka kwa mzia kwenda kwa papa, ikiongezeka kila hatua. Inashikana na protini ya nyama, kwa hiyo huwezi kuikata na mafuta wala kuimwaga na supu. Ndimu haiigusi. Kumkaanga samaki hadi akauke kunaondoa maji na kuiacha zebaki, hivyo kila gramu unayokula inakuwa nayo zaidi kidogo. Hapa mama naomba anisamehe: ndimu huondoa shombo na hulainisha nyama, na moto huua vijidudu, lakini metali haziungui.

Habari njema ni kwamba samaki mnaowapata wengi ni wadogo na wa chini kwenye mlolongo huo. Kamati ya wataalamu ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na WHO (Shirika la Afya Duniani) imeweka kikomo cha maikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, na kikomo hicho kiliwekwa kwa kumfikiria mtoto aliye tumboni. Tuseme mke wako ana kilo 60: kikomo chake ni maikrogramu 96 kwa wiki. Tuseme chaa ana miligramu 0.05 kwa kilo moja ya nyama. Itambidi ale karibu kilo 2 za minofu kwa wiki ndipo afike hapo. Tuseme papa ana miligramu 1 kwa kilo. Gramu 96, kipande kimoja cha sahani, kinatosha kumaliza wiki nzima. Ndiyo maana mjamzito anaambiwa aache papa, nduaro na jodari wakubwa, na wala haambiwi aache samaki. Asiache. Ubongo wa mtoto tumboni unahitaji mafuta ya samaki, na gramu 225 hadi 340 kwa wiki za samaki wadogo wa bahari safi, kama vibua, tasi, changu, chaa na dagaa, zinamfaa. Binti yenu anatosheka na kipande cha gramu 30 hivi, mara mbili kwa wiki, kilichotolewa miiba.

Risasi ndani ya samaki hukaa sehemu nyingine. Huenda zaidi kwenye mifupa, matamvua, ngozi na ini, na kidogo kwenye minofu. Kadimi hupenda ini na figo, na kwa kaa hujazana kwenye ile sehemu laini ya njano tumboni ambayo wengi huilamba vidole. Kwa hiyo supu ya vichwa, ambayo wengi tunaipenda, iwe ya samaki waliovuliwa mbali na mito. Kemikali za mafuta ziko chini ya ngozi, kwenye mafuta ya tumbo na kwenye ule mstari mweusi wa nyama ubavuni. Samaki mwenye harufu ya dizeli hana tiba; tupeni.

Shauri langu kuhusu mdomo wa Msimbazi ni hili: msile kitu cha pale, hata chaa, maadamu mna mahali pengine pa kwenda. Sisemi kwamba chaa mmoja atawaua. Ninasema kuna mjamzito na mtoto mdogo mezani, na dakika arobaini za daladala zinaondoa wasiwasi mwingi kuliko kipimo chochote cha maabara. Siku ambayo mzee hana nguvu ya kusafiri na anataka tu kushika mshipi, akae pale juu pakavu, avue na arudishe majini.

Na hoja ya baba kwamba hajafa, mjibu kwa adabu, kwa sababu ina mantiki. Metali haziui kwa kishindo. Kwa mtu mzima huongeza shinikizo la damu na kuchosha figo polepole, na mtu akizeeka hayo yote huhesabiwa kuwa uzee. Kwa mtoto hupunguza uwezo wa kujifunza, na hakuna anayeliona hilo kwa macho. Tena mto wa ujana wake haukuwa na watu wala viwanda vya leo kandokando yake.

Sasa miguu. Kisukari cha muda mrefu hufisha mishipa ya fahamu ya nyayo, na mzee anaweza kukanyaga ganda la chaza akakatika bila kuhisi kitu. Damu pia inafika kidogo kwenye vidole, na sukari nyingi hupunguza nguvu ya chembe nyeupe. Weka hapo Vibrio vulnificus, bakteria wa maji vuguvugu yenye chumvi kiasi, anayeingia kupitia mchubuko mdogo tu. Kwa kijana mwenye afya mara nyingi ni jipu na antibiotiki. Kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa ini, nyama huanza kuoza ndani ya saa chache, na wengine hupoteza mguu au maisha ndani ya siku moja au mbili. Maambukizi haya si ya kila siku, lakini yakitokea hayasubiri kesho.

Kwa hiyo baba asiingie tena majini kwenye mdomo wa mto, awe na viatu au asiwe navyo. Avulie ufukweni au kwenye mwamba mkavu. Avae viatu vya mpira vilivyofunika vidole, vyenye soli ngumu, pamoja na soksi safi; ndala haitoshi, na buti refu la mpira likijaa maji linaweza kumwangusha. Kabla ya kutoka nyumbani wewe mwenyewe mkague nyayo, katikati ya vidole na kisigino. Kukiwa na kidonda au ufa unaotoa majimaji, siku hiyo anakaa kwenye kiti na wewe ndiye unayegusa maji na chambo. Mkirudi, aoshe miguu kwa maji safi na sabuni, aikaushe vizuri katikati ya vidole, kisha mkague tena. Beba lita 3 za maji ya bomba au ya kunywa, kipande cha sabuni, shashi na plasta. Beba pia kitu chenye sukari, maana jua na kuchelewa kula vinaweza kuishusha sukari ya mtu anayetumia dawa.

Akijikata au akichomwa na ndoana, mnaacha kuvua. Mwagia kidonda maji safi kwa dakika 5 nzima, osha kwa sabuni, funika. Msikioshe kwa maji ya bahari eti chumvi ni dawa. Akichomwa na mwiba wa hongwe au taa, maumivu hupungua kwa kuloweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kwa sababu sumu ya mwiba huvunjwa na joto. Kwa baba, joto la maji hayo lipimwe na mkono wako. Mguu wake haumwambii kama anaungua.

Nakuja kwenye chubwi, na hapa naomba utulie usome. Inawezekana kabisa kwamba risasi inayoingia nyumbani kwenu kutoka nyuma ya nyumba ni nyingi mara kadhaa kuliko ile inayokuja na samaki. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Jiko la mkaa linalopepewa hupita joto hilo kwa mbali, na kadiri risasi inavyozidi kupata moto ndivyo moshi wake usioonekana unavyozidi. Betri ya gari ina ubaya wake wa ziada: zile bamba zimejaa unga wa risasi na tindikali ya salfa, na mtu anapoivunja kwa nyundo unga unatawanyika kabla hata moto haujawashwa. Lile povu la kijivu linaloelea juu ya risasi iliyoyeyuka, ambalo baba hulikwangua na kulitupa pembeni, limejaa vumbi la risasi. Linaingia ardhini, linanata kwenye nguo na viatu, linaingia ndani hadi kwenye mkeka anaochezea mtoto.

Mtoto mdogo hupeleka mikono kinywani kutwa, na mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima kutoka kiasi kile kile alichomeza. Risasi hupita pia kwenye kondo la nyuma na kumfikia aliye tumboni. Mwaka 2010 kamati ile ile ya FAO na WHO iliondoa kabisa kikomo chake cha zamani cha risasi kwenye chakula, kwa sababu haikuona kiwango ambacho ungeweza kusema ni salama.

Kazi hiyo isimame leo. Betri kuukuu iuzwe nzima bila kuvunjwa. Sufuria au kopo alilotumia lisirudi jikoni kamwe. Usifagie mahali pale pakiwa pakavu. Mwagia maji kwanza, vaa glavu na barakoa, okota mabaki yote ya kijivu uyatie kwenye kopo lenye mfuniko. Baada ya hapo funika ardhi hiyo kwa zege, au kwa udongo safi na kokoto unene wa sentimita 15. Kama mna kuku wanaodonoa pale, wahamishie kwingine na msile mayai yao kwa sasa, kwa sababu kuku huipitisha risasi kwenye yai. Mchicha usipandwe hapo. Nguo alizofanyia kazi zifuliwe peke yake. Sakafu ya ndani ipigwe deki kwa kitambaa kibichi kila siku kwa wiki kadhaa, na mikono ya mtoto ioshwe kabla ya kula. Maziwa, dagaa wa baharini na vyakula vyenye madini ya chuma humsaidia, kwa sababu mwili wenye upungufu wa kalsiamu na chuma hufyonza risasi zaidi.

Chubwi za kubadilishia ni rahisi, na mzee anayependa kazi ya mikono atazifurahia. Nondo ya milimita 12 ina karibu gramu 9 kwa kila sentimita, kwa hiyo kipande cha sentimita 6 ni chubwi ya gramu 54 hivi. Nondo ya milimita 16 ina kama gramu 16 kwa sentimita. Fundi wa kuchomelea atakukatia vipande ishirini na kukuwekea kishikizo cha waya. Piga tupa kwenye kingo zisikate mshipi. Chuma ni kikubwa kuliko risasi kwa uzito ule ule, hivyo mkondo unakisukuma zaidi. Ongeza uzito kwa robo. Penye miamba, nati kubwa au plagi kuukuu zilizosafishwa zisibaki na petroli zinafaa, na zifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, ili zikinasa ukatike uzi na ndoana irudi na samaki wake. Kama bado zimebaki chubwi za zamani mkobani, asizishike kwa meno anapofunga fundo, na zisikae na mkate wala chupa ya maji.

Kuhusu mahali, Dar es Salaam ina midomo mingi ya mito michafu, si Msimbazi peke yake. Mto Mlalakuwa unaingia baharini upande wa Kawe. Kizinga na Mzinga zinaishia kwenye hori la Mtoni, ndani ya bandari. Kwa miongo mingi majitaka ya katikati ya jiji yamepelekwa baharini kwa bomba la Ocean Road, kwa hiyo ufukwe ule na maeneo ya Feri hayafai kuvulia chakula. Kigamboni ni pazuri upande wa bahari wazi, lakini epuka mlango wa bandari na kandokando ya magati ya mafuta. Kaskazini, kuanzia Kunduchi kwenda Ununio na Mbweni, pana nafuu, mradi msikae mdomoni mwa kijito. Kanuni nyepesi ni kukaa angalau kilomita 1, na ikiwezekana 2, kutoka mto, mtaro au bandari. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari, na kuvua huko hakuruhusiwi. Kwingine muulizeni afisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali kabla hamjaanza.

Saa nayo ina maana. Maji yanapokupwa, yale ya mito na mitaro hutoka nje na kutambaa kando ya ufukwe. Yanapojaa, maji ya bahari kuu yanaingia. Vueni nusu ya pili ya maji kujaa, mkae hadi yanapoanza kugeuka. Kwa bahati nzuri huo ndio wakati changu na kolekole wanapokuja kula karibu. Mvua kubwa ikinyesha subirini siku 3. Mvua za kwanza za masika na za vuli ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu zinasomba uchafu wa miezi mizima kwa mkupuo. Baada ya siku 3 maji yakiwa bado ya kahawia, ongezeni siku.

Kosa lingine linalowatia watu hospitali halina uhusiano na mto: samaki kukaa juani ndani ya ndoo. Vibua, jodari, nguru na hata kolekole wakipata joto, bakteria hugeuza nyama yao kuwa na histamini, na ikishatengenezwa haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha. Mlaji anavimba uso, anawashwa, kichwa kinagonga, kinywa kinawaka kama pilipili, wakati mwingine ndani ya dakika chache tu. Nunueni deli na barafu kabla ya kwenda, kilo 1 ya barafu kwa kila kilo ya samaki mnayotarajia. Barafu ipondwe, ipangwe tabaka chini, samaki, halafu tabaka juu, na maji ya damu yapate tundu la kutokea. Samaki auawe akitoka tu majini, atolewe matumbo na matamvua mapema, aoshwe kwa yale maji safi mliyobeba. Nimeona wengi wakimsuuza samaki kwa maji yale yale ya mtoni ndipo wanamtia kwenye barafu. Hapo wanamrudishia kila kitu. Na mkimpata bunju, yule anayejivimbisha tumbo, msimguse kwa kisu. Sumu yake ni ya asili, inaua, na moto hauiwezi.

Umeuliza kama samaki wapimwe. Inawezekana: maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) hushughulika na vipimo vya chakula, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyopo Kunduchi, inaweza kukuelekeza. Lakini samaki mmoja anakueleza habari za samaki mmoja. Ili upate picha ungehitaji wengi wa aina moja, wa ukubwa unaolingana, kwa misimu miwili, na gharama yake ni kubwa kuliko nauli ya kwenda Mbweni. Ningekuwa na fedha ya kipimo kimoja tu, ningepima damu ya binti yako kwa risasi, kisha ya mama yake. WHO inashauri chanzo kitafutwe na kuondolewa pale damu inapofika maikrogramu 5 kwa desilita. Kwa mtoto mwenye 45 au zaidi dawa ya kuitoa risasi mwilini huhitajika. Mweleze daktari kwamba nyumbani mlikuwa mkiyeyusha betri, mwombe kipimo hicho kwa jina lake, na usishangae damu ikipelekwa maabara nyingine, maana si kila hospitali inacho. Mwambie mkunga wa kliniki jambo hilo hilo. Mtoto akiwa na maumivu ya tumbo yasiyoisha, choo kigumu, upungufu wa damu au ameanza kurudi nyuma katika kuongea, kipimo kisisubiri mwisho wa mwezi. Akipata degedege, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa baba, alama ni hizi: wekundu unaopanda kutoka kwenye kidonda, maumivu makali kuliko kidonda chenyewe kinavyoonekana, malengelenge yenye maji meusi, homa au baridi ya ghafla, kuchanganyikiwa. Kwa kuwa miguu yake haihisi vizuri, maumivu yanaweza yasiwepo kabisa, kwa hiyo wekundu au uvimbe peke yake unatosha kumpeleka, hata iwe usiku wa manane. Msianze na zahanati ya jirani, nendeni hospitali yenye upasuaji. Mkifika, jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba ana kisukari na kwamba kidonda kiligusa maji ya bahari, kwa sababu antibiotiki za Vibrio ni tofauti na zile za kidonda cha kawaida, na asiyeambiwa hana namna ya kujua.